Ukila mchana mwili unalegea wote? Rekebisha hivi

Saa nane mchana ingia ofisi yoyote ya Dar, au gereji, au duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, utakuta mtu kashika shavu macho yanafumba na kufumbua, mwingine anasoma meseji ileile anairudia rudia, na asubuhi wote walikuwa wazima wanachapa kazi vizuri kabisa. Kilichopita hapo katikati ni msosi wa mchana. Watu wengi wameshazoea wanaona ndo kawaida, ukila lazima ulegee, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini ule uzito wa kukukata mwili mpaka saa kumi sio lazima uishi nao, unapungua sana ukibadilisha vitu vichache ambavyo vingi wala havitaki hela ya ziada. Naandika nikiwafikiria hasa wanaokula kwa mama ntilie au wanaobeba chakula kwenye hotpoti kutoka nyumbani, manake ushauri mwingi unaozunguka unamwambia mtu ale vitu ambavyo mtaani kwake havipo na vikiwepo hela ya kununua hana.

Kwanini chakula kinakulaza

Kwanza mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo kati ya saa saba na saa kumi mchana inashusha umakini hata wa mtu ambaye hajala kitu. Kwahiyo usitegemee kuwa mchangamfu saa nane kama ulivyokuwa saa tatu asubuhi, haipo hiyo, tunachotaka ni chakula kisije kuongeza mzigo juu ya hapo.

Pili ni wanga mwingi uliokobolewa, yaani wali mweupe, ugali wa sembe, chapati, chips, maandazi. Huu unasagwa haraka tumboni, sukari inapanda kwenye damu kwa kasi, kongosho linatoa insulini nyingi ya kuiondoa. Sasa insulini haishughuliki na sukari tu, inasukuma na amino asidi nyingi ziingie kwenye misuli, inabaki moja inaitwa triptofani inapata njia nyeupe ya kuingia kwenye ubongo, na hiyo ndo malighafi ya serotonini, na serotonini ndo inatumika kutengeneza melatonini ambayo ni homoni ya usingizi. Ongeza hapo tumbo lenyewe, likitanuka sana na likiwa na mafuta mengi linapeleka taarifa kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu na homoni kwamba umeshiba, tulia, na mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni ndo maana ukila chips kavu na kuku wa kukaanga unakaa mzito masaa.

Kuna maelezo maarufu sana mtaani kwamba damu yote inakimbilia tumboni ubongo unabaki mkavu. Hapana. Damu inayokwenda tumboni inaongezeka kweli baada ya kula, lakini mwili unaulinda ubongo usipungukiwe. Wanaopata shida ya namna hiyo kweli ni wazee, nitafika huko.

Anza na usiku, usianze na sahani

Hili watu wengi wanaliruka kwasababu halihusu chakula. Mtu mzima anahitaji kulala angalau masaa 7. Sasa chukua mtu anakaa Chanika au Mbagala, anaamka saa kumi na nusu alfajiri ili awahi daladala kabla ya foleni, na usiku amelala saa sita kwasababu alikuwa na simu. Hayo ni masaa manne na nusu. Huyu hata ukimpa mchicha mtupu mchana atasinzia tu, chakula hakijamfanya chochote isipokuwa kimempa nafasi ya kukaa chini na mwili ukadai deni lake. Kabla hujabadilisha msosi angalia wiki yako, hesabu masaa unayolala kweli sio masaa unayokuwa kitandani, na kama yako chini ya sita basi kazi yako ya kwanza ni kuweka simu mbali saa nne usiku. Najua kuna watu wana watoto wadogo, kuna walinzi na manesi wa zamu, hao hawana uchaguzi mkubwa, kwao ile sehemu ya kulala kidogo mchana huko mbele ndo muhimu zaidi.

Na mtu ambaye analala masaa ya kutosha lakini anakoroma sana, anakatwa pumzi usiku mpaka mwenzake anamwamsha kwa hofu, anaamka na kichwa kinauma, huyo usingizi wake haumfai hata akilala masaa tisa. Aende hospitali aseme hivyo hivyo.

Chai ya saa nne ina mchango wake

Ratiba ya wengi ni hii, anatoka nyumbani alfajiri hajala, saa nne anapiga chai ya rangi yenye sukari vijiko vitatu na maandazi mawili au chapati, hapo ni unga na sukari tu hamna kingine, sukari inapanda inashuka, ikifika saa saba njaa inauma mpaka mikono inatetemeka. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo akiletewa sahani hapimi, anafakamia, na akimaliza ndo anagundua kazidisha.

Dawa yake ni kuweka kitu chenye protini au nyuzinyuzi kwenye ile chai. Yai la kuchemsha na kachumbari, wauzaji wanapita na trei kila kona. Maharage. Karanga. Mtindi. Supu ya kuku au ya ng'ombe na chapati moja inakupeleka mbali kuliko chapati tatu na chai. Kiazi kitamu cha kuchemsha ni kizuri kuliko andazi. Uji wa ulezi au mtama ni mzuri pia ila ukiumwagia sukari vijiko vitano umerudi kulekule. Sukari ya kwenye chai ipunguze taratibu, nusu kijiko kwa wiki, ulimi unazoea bila vita.

Sahani yenyewe

Hapa ndo penye kazi. Iangalie vizuri sahani ya wali kwa mama ntilie kabla hujaigusa. Wali umeshindiliwa kwa bakuli ukageuzwa katikati, umechukua karibu robo tatu ya sahani. Pembeni maharage upawa mmoja, kipande cha nyama au samaki na mchuzi unaotiririkia kwenye wali, na kwenye kona kuna mchicha unaoweza kuumaliza kwa matonge mawili. Halafu kipande cha tikiti au ndizi mbivu. Vitu vyote vizuri vipo pale, tatizo ni vipimo, wanga umechukua nafasi ya kila mtu.

Kipimo kinachofundishwa kwenye kliniki za kisukari kinamfaa kila mtu anayefanya kazi ya kukaa: nusu ya sahani mboga za majani na kachumbari, robo protini yaani maharage, samaki, dagaa, nyama, mayai, na robo iliyobaki ndo wanga, ambayo kwa macho ni kama ukubwa wa ngumi yako. Kufika hapo kwa siku moja ni ngumu na utabaki na njaa, kwahiyo anza kwa kuagiza hivi, "dada, nipunguzie wali, hiyo nafasi nijazie maharage na mchicha". Mara nyingi bei inabaki ileile. Ukisema tu "nipunguzie wali" bila kusema kijazwe nini utapewa chakula kidogo, saa tisa unanunua biskuti na soda, na umeharibu kila kitu.

Ugali una ujanja wake. Ukiletewa, kabla hujamega tonge la kwanza kata kiasi chako kwa kijiko, sogeza kule kwingine pembeni ya sahani au mpe mwenzako. Ugali ukishaanza kuumega kutoka kwenye bonge hujui umekula kiasi gani, unamega tu mpaka mboga iishe, na mboga ikiisha kabla unaomba mchuzi umalizie. Kata kwanza. Kama una uchaguzi chukua dona kuliko sembe kwasababu dona imebaki na pumba na kiini cha mahindi, ina nyuzinyuzi zaidi na inasagwa taratibu, lakini bonge kubwa la dona bado ni wanga mwingi, usijidanganye kwamba ukibadilisha unga basi kula tu mpaka basi.

Kitu kingine ambacho hakigharimu hata shilingi ni mpangilio wa kula. Imepimwa, mtu akila mboga na protini kwanza halafu wanga mwishoni, sukari yake haipandi juu kama akianza na wanga, chakula kilekile kiasi kilekile. Kwa sisi kula mchicha peke yake bila tonge inaonekana ajabu, naelewa, kwahiyo fanya nusu yake: anza na kachumbari yote, maliza vijiko kadhaa vya maharage, ndo uingie kwenye wali na mboga iliyobaki. Na kula taratibu. Inachukua kama dakika 20 mpaka ubongo upate taarifa kwamba tumbo limeshiba, mtu aliyemaliza sahani kwa dakika saba anaongeza chakula wakati tayari ameshiba ila hajaambiwa.

Chips mayai sitasema sana. Ni viazi, ni mafuta, yai moja au mawili, kachumbari kijiko. Kama ndo kilichopo siku hiyo omba kachumbari nyingi na usishushie na soda. Pilau na biriani za Ijumaa au za shughuli, kula ufurahi, ila ukijua mchana huo una kikao au una safari chukua kidogo.

Kiporo cha wali kina faida yake ndogo, wali uliopoa kwenye friji usiku kucha ukapashwa moto sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kusagwa, sukari haipandi sana kama kwenye wali wa moto moto. Ila uingie kwenye friji mapema, ule uliolala mezani na joto la Dar una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, utaharisha.

Nisisitize kitu, hii ya wanga ukubwa wa ngumi sio ya fundi ujenzi, sio ya mbeba mizigo sokoni, sio ya mkulima aliye shambani. Hao wanachoma nguvu nyingi na wakinyimwa wanga wataishiwa kweli. Kwao cha kufanya ni kugawa, badala ya bonge moja kubwa saa saba wale nusu ya chakula saa tano, halafu nusu iliyobaki saa nane, na maharage au dagaa yasikosekane mara zote mbili.

Unashushia na nini

Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi, ni vijiko vya chai karibu tisa. Shirika la Afya Duniani toka 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Yaani soda moja juu ya wali umeshapita. Juisi ya embe au miwa nayo sio maji, ina sukari nyingi na nyuzinyuzi kidogo, kula embe lenyewe. Na zile enaji dringi ambazo vijana wa bodaboda wanapiga mchana ili wasisinzie, nyingi zina sukari sawa na soda au kuzidi pamoja na kafeini, inakupandisha kidogo halafu inakuacha vilevile na usiku usingizi hauji, kesho unaihitaji tena. Kunywa maji. Glasi moja nusu saa kabla ya kula na nyingine ukiwa unakula, na mwezi wa pili joto la Dar likiwa juu ongeza, manake mwili ukikosa maji unachoka hata bila chakula.

Chai au kahawa usinywe palepale na chakula, subiri kama saa moja. Vina vitu vinavyozuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na chuma cha kwenye maharage na mboga za majani tayari ni kigumu kufyonzwa. Ukikamulia ndimu kwenye mboga au ukala chungwa unakisaidia kuingia. Hili ni muhimu kwa wanawake hasa, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 Tanzania ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu, na upungufu wa damu dalili yake kubwa ni huu huu uchovu tunaouongelea. Dada anayejiona mvivu baada ya kula inawezekana sio uvivu wala sio ugali, damu yake iko chini.

Ukishamaliza kula usikae

Tembea dakika 10 mpaka 15. Sio mazoezi, ni kutembea tu, nenda kanunue vocha duka la mbali badala ya lile la karibu, zunguka jengo upande wenye kivuli, panda ngazi badala ya lifti. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu yenyewe, ndo maana hata dakika chache zinasaidia. Ukikosa kabisa simama, ongea na simu ukiwa umesimama. Ukirudi kaa karibu na dirisha, mwanga wa mchana unaamsha, ofisi yenye mapazia yamefungwa na AC inapuliza ni chumba cha kulala kile. Kazi ambazo zinataka ufikirie sana zifanye asubuhi, saa nane weka zile za kutembea tembea, kupiga simu, kupanga mafaili.

Kama una nafasi ya kulala, lala, hamna aibu, lakini weka alamu dakika 20. Ukipita nusu saa unaingia usingizi mzito na ukiamshwa hapo unakuwa hovyo kuliko kabla hujalala. Lala kabla ya saa tisa ili usiku usiharibike. Kahawa ukiinywa ndo ukajilaza ni nzuri zaidi, kwasababu kafeini inachukua kama dakika 20 mpaka 30 kuanza kufanya kazi, unaamka nayo inaanza. Ila kafeini inakaa, baada ya masaa matano hivi nusu yake bado imo mwilini, kwahiyo kahawa ya saa kumi na moja jioni utaikuta kitandani saa nne usiku.

Madereva wa masafa tafadhali someni hapa. Basi au lori likisimama Chalinze au Korogwe watu wanakula haraka haraka, wali kuku sahani imejaa, soda, safari inaendelea saa nane jua kali barabara imenyooka. Dereva asile sahani ya abiria. Ale nusu, mboga na nyama zaidi ya wali, maji, na nyingine amalizie mwisho wa safari. Ukianza kupiga miayo, ukajikuta hukumbuki kilometa chache zilizopita, au gari imegusa mstari wa pembeni, kufungua dirisha na kuongeza sauti ya muziki havisaidii, ni kusimama sehemu salama na kulala dakika 15 mpaka 20. Hapo hakuna njia ya mkato na nawaomba sana, mna roho za watu nyuma.

Mwezi wa Ramadhani

Hapa tatizo linahamia usiku. Mtu ameshinda na njaa, adhana ya magharibi ikilia meza ina tende, uji, sambusa, kalimati, muhogo wa nazi, magimbi, tambi za sukari, samaki, vyote kwa mkupuo mmoja, na ikifika tarawehe mwili hautaki kusimama. Wazee wa pwani wengi wana utaratibu mzuri ambao vijana tunauacha, unafungua kwa tende na maji na uji mwepesi, unaenda kuswali magharibi, ukirudi ndo unakula. Hizo dakika zinatosha tumbo kuanza kazi na njaa ya kufakamia inapungua. Chagua kimoja kati ya muhogo, magimbi na tambi, sio vyote vitatu siku moja, na vya kukaanga weka kidogo. Maji kunywa kidogo kidogo mpaka daku, usijaze lita nzima wakati wa kufuturu. Na daku iwe na maharage, yai, mtindi, sio chai na mkate tu, vinginevyo kesho yake saa nne asubuhi umeisha.

Wazee wetu

Bibi au babu akila akasikia kizunguzungu, macho yanakuwa na giza, akisimama anayumba au anadondoka, hiyo sio usingizi wa kushiba. Kwa watu wa umri mkubwa, zaidi wenye presha, kisukari au ugonjwa wa kutetemeka (Parkinson), presha inaweza kushuka ndani ya masaa mawili baada ya kula. Mpeni maji glasi moja au mbili kabla ya chakula kama daktari hajamzuia maji, chakula kidogo mara nyingi, wanga upungue, akimaliza akae kwanza na akinyanyuka awe na mtu karibu. Presha ipimeni kabla ya kula na saa moja baada ya kula, mziandike namba zote mbili mpeleke kliniki. Dawa za presha msibadilishe muda wenyewe, muulizeni daktari, anaweza kuzipanga upya.

Ukibadilisha yote na bado

Jipe wiki mbili za kulala vizuri na kula kwa mpangilio huu. Ikiwa bado unaanguka kila ukila, usiendelee kujilaumu wala usinunue dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa kwa spika mtaani, nenda kapime. Vipimo viwili vya kwanza ni sukari na wingi wa damu.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote ikiwa 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi hiyo ni ya kisukari, ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 upo njiani na una nafasi nzuri ya kurudi. Kama una mashine nyumbani pima pia masaa mawili toka ulipoanza kula, mtu asiye na kisukari anategemewa kuwa chini ya 7.8. Nawa mikono kwa sabuni ukaushe kabisa kabla ya kutoboa, manake kidole kilichoshika embe au ndizi kina sukari juu ya ngozi na mashine itaisoma hiyo, watu wameogopa bure kwa namba kubwa zilizotoka kwenye tunda. Toboa pembeni ya ncha ya kidole sio katikati, inauma kidogo zaidi katikati na kidole unakitumia kutwa. Angalia na tarehe ya kuisha ya stripu. Namba ikija juu usijipe ugonjwa mwenyewe, nenda hospitali ikarudiwe. Ila kama pamoja na uchovu una kiu isiyoisha, unakojoa sana usiku, unapungua bila sababu au unaona ukungu, usisubiri hizo wiki mbili, nenda leo.

Wingi wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito ukiwa chini ya 12 (kwa kipimo cha g/dL) ni upungufu, mjamzito chini ya 11, mwanaume chini ya 13. Ukikutwa na upungufu omba itafutwe sababu, inaweza kuwa hedhi nzito, minyoo, malaria au lishe, vidonge vya damu peke yake bila kujua inapotelea wapi utarudi tena baada ya miezi.

Wengine wanapata kitu tofauti, masaa mawili mpaka manne baada ya kula wanatoka jasho, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, hiyo inaweza kuwa sukari kushuka. Kama inatokea mara kwa mara ipimwe palepale inapotokea, kipimo cha kesho yake asubuhi hakitaonyesha kitu.

Na ukienda kumuona daktari nenda umejiandaa, wanakuwa na foleni ndefu na dakika zenyewe ni chache. Andika kwenye simu siku kama nne tano: ulilala saa ngapi ukaamka saa ngapi, ulikula nini na kiasi gani, uchovu ulianza saa ngapi ukaisha saa ngapi. Andika na dawa zote unazotumia hata zile za kununua dukani bila cheti, dawa za mafua na aleji kama piriton zinalaza sana na mtu anakuwa anameza kila siku mchana na chakula, halafu lawama zote anautupia wali.